Majaribio ya chanjo ya Ukimwi: kwa nini wengine hukubali, wengine husita, na mshiriki ana haki gani

Kila watafiti wanapofika barazani kueleza kuhusu majaribio ya chanjo, kuna swali ambalo halikosi kuulizwa: "Mnataka kutufanya panya wa maabara?" Wengine huuliza kwa utani, wengine kwa hasira. Kwa vyovyote vile ni swali la haki, na mwananchi anastahili kulijibiwa kikamilifu kabla hajaombwa kutoa mkono wake kudungwa sindano.

Kilifi ina sababu ya pekee ya kulijadili. Kaunti hii imekuwa makao ya utafiti wa afya tangu mwaka 1989, wakati kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilipoanzishwa kando ya hospitali ambayo leo ni Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kilifi. Watoto wa hapa walikuwa miongoni mwa watoto zaidi ya 15,000 kutoka nchi saba za Afrika walioshiriki majaribio ya mwisho ya chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya 2009 na 2014. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza chanjo hiyo itumike Oktoba 2021. Chanjo ya pili ya malaria, R21, nayo ilijaribiwa Kilifi kabla ya kupendekezwa mwaka 2023. Mwaka 2020, wahudumu wa afya na wafanyakazi wengine waliokuwa katika hatari ya kuambukizwa Covid-19 walikuwa wa kwanza kuombwa kujitolea kwa majaribio ya chanjo ya ugonjwa huo hapa kaunti. Na huko Mtwapa, kliniki ya utafiti imekuwa tangu mwaka 2005 ikifuatilia afya ya watu walio katika hatari kubwa ya kupata virusi vya Ukimwi.

Malaria imepata chanjo. Covid-19 ilipata chanjo. Ukimwi bado, baada ya miaka zaidi ya 40. Ili ipatikane, lazima kuwe na watu wasio na virusi walio tayari kuijaribu, na hasa wale ambao maisha yao yanawaweka karibu na maambukizi. Makala hii inaeleza kwa nini watu hao ndio huombwa, kinachowafanya wakubali au wasite, na mambo ambayo kila mmoja anapaswa kuyajua kabla ya kutia sahihi.

NANI "WALIO KATIKA HATARI KUBWA", NA KWA NINI WAO?

Wataalamu wanapotaja makundi yaliyo katika hatari kubwa huwa na maana ya watu ambao, kwa sababu ya kazi, umri au mazingira, wana nafasi kubwa kuliko wengine ya kukutana na virusi. Miongoni mwao ni wanawake wanaofanya biashara ya ngono, wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume, watu wanaojidunga dawa za kulevya, madereva wa malori ya masafa marefu, wavuvi wanaohamahama, pamoja na wasichana na wanawake vijana. Orodha hiyo ni ya kitabibu. Haimaanishi kwamba aliyetajwa ni mkosaji, wala kwamba ambaye hakutajwa yuko salama.

Kwa nini chanjo isijaribiwe kwa mtu yeyote tu? Jibu liko kwenye hesabu. Chanjo hupimwa kwa kugawa washiriki katika makundi. Kundi moja hupewa chanjo, jingine hupewa sindano isiyo na chanjo, mara nyingi maji ya chumvi safi. Mgawanyo hufanywa kwa bahati nasibu, na si mshiriki wala daktari anayejua nani amepata nini. Baada ya muda, idadi ya walioambukizwa katika kila kundi hulinganishwa. Ikiwa karibu hakuna mtu anayeambukizwa katika makundi yote mawili, hakuna cha kulinganisha.

Tazama mifano miwili. Nchini Thailand, majaribio yaliyotangazwa matokeo yake mwaka 2009 yalihusisha watu zaidi ya 16,000 kutoka umma wa kawaida. Katika miaka zaidi ya mitatu ya kuwafuatilia, maambukizi yaliyohesabiwa yalikuwa 125: 51 kwa waliochanjwa na 74 kwa wasiochanjwa. Nchini Afrika Kusini, majaribio yaliyopewa jina la Uhambo, yaliyoanza mwaka 2016, yalikuwa na washiriki 5,407, yaani takriban theluthi moja ya wale wa Thailand. Hata hivyo, kufikia mwanzoni mwa 2020 maambukizi yalikuwa 129 kwa waliochanjwa na 123 kwa wasiochanjwa. Mahali ambapo virusi vimeenea zaidi, jibu hupatikana kwa watu wachache na kwa muda mfupi. Pia chanjo ikifaulu, hao walio katika hatari ndio watakaoihitaji kwanza, kwa hivyo ni muhimu ijulikane kama inafanya kazi katika miili yao na mazingira yao.

Ukweli mwingine lazima usemwe hapo hapo. Hakuna mtafiti anayeruhusiwa kumwambukiza mshiriki virusi ili aone kama chanjo inafanya kazi. Kinyume chake, kila mshiriki hupewa ushauri, kondomu na njia nyingine za kujikinga kwa muda wote wa utafiti. Wanaoambukizwa huambukizwa katika maisha yao ya kawaida, licha ya juhudi hizo, na huunganishwa na matibabu mara moja.

KINACHOWAFANYA WATU WAKUBALI

Tafiti zilizofanywa Kenya, Uganda, Tanzania na nchi nyingine za Afrika kuhusu utayari wa kushiriki zinaonyesha kwamba watu wengi walio katika hatari, wakiulizwa, husema wako tayari. Sababu wanazotoa hufanana.

Ya kwanza ni kusaidia wengine. Mtu aliyezika ndugu, mume au rafiki kwa sababu ya Ukimwi huona kushiriki kama mchango wake ili watoto wake wasipitie hayo. Ya pili ni huduma. Mshiriki hupimwa mara kwa mara, hutibiwa magonjwa ya zinaa na hupata daktari wa kuzungumza naye bila kudharauliwa. Kwa mtu aliyezoea kukejeliwa kwenye foleni ya hospitali, hilo si jambo dogo. Ya tatu ni matumaini kwamba chanjo yenyewe itamkinga. Sababu hii ya tatu inahitaji tahadhari, kama itakavyoelezwa hapa chini.

Historia ya Kenya inaonyesha uzito wa mchango huo. Katika miaka ya 1980, wanawake waliokuwa wakifanya biashara ya ngono Majengo, eneo la Pumwani jijini Nairobi, walikubali afya yao ifuatiliwe na watafiti. Iligunduliwa kwamba baadhi yao hawakuambukizwa licha ya kukutana na virusi mara nyingi. Ugunduzi huo ulisaidia kutengeneza chanjo iliyojaribiwa nchini kwa mara ya kwanza mwaka 2001, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Oxford. Chanjo hiyo haikuamsha kinga ya kutosha na ikaachwa, lakini Kenya ikabaki na wataalamu na maabara zilizoendelea kutumika kwa tafiti nyingine.

Hata hivyo, kusema ndiyo na kufika kliniki ni mambo mawili tofauti. Mtu anaweza kukubali barazani leo, kisha akaelezwa kwamba atahitajika kufika mara kwa mara kwa mwaka mmoja au zaidi, atolewe damu kila mara, na mwanamke atumie njia ya kupanga uzazi kwa kipindi chote cha sindano. Baada ya kuelezwa hayo, idadi ya walio tayari hupungua. Ndiyo sababu nchini Uganda watafiti waliwahi kufanya zoezi la maandalizi na jamii za wavuvi wa Ziwa Victoria kwa kutumia chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo tayari inajulikana kuwa salama. Lengo lilikuwa kuona ni wangapi wangejiandikisha kwa kweli, na wangapi wangerudi hadi mwisho.

KINACHOWAFANYA WASITE

Hofu za wananchi hazifanani. Nyingine ni uvumi na nyingine zina msingi. Zote zinahitaji majibu, na si kukemewa.

"Chanjo yenyewe itaniletea Ukimwi." Chanjo za Ukimwi zinazojaribiwa kwa binadamu hazina virusi kamili, viwe hai au vilivyouawa. Hutumia kipande kidogo kilichotengenezwa maabara kinachofanana na sehemu ya virusi, au maelekezo ya kuufanya mwili utengeneze kipande hicho. Kipande hakiwezi kugeuka kuwa virusi, kwa hivyo sindano haiwezi kumwambukiza mtu.

Hilo halina maana kwamba hatari haipo kabisa. Mwaka 2007, majaribio yaliyojulikana kama STEP yalisimamishwa baada ya kuonekana kwamba chanjo haikuwa ikizuia maambukizi. Uchunguzi zaidi ulionyesha kwamba baadhi ya wanaume waliochanjwa, hasa wale ambao hawakuwa wametahiriwa na waliokuwa tayari na kingamwili za virusi vya mafua vilivyotumika kubeba chanjo hiyo, waliambukizwa zaidi ya wale ambao hawakuchanjwa. Chanjo haikuwapa virusi, ila ilionekana kuwaacha wakiambukizwa kwa urahisi zaidi walipokutana navyo. Mshiriki ana haki ya kuelezwa habari kama hizi, zilizo nzuri na zilizo mbaya. Maumivu ya mkono, homa kidogo, uchovu na kuumwa kichwa kwa siku moja au mbili ndiyo madhara ya kawaida, lakini mtu asiambiwe kwamba hakuna kingine kinachowezekana.

"Nikipimwa baadaye itaonekana nina Ukimwi." Hofu hii ni ya kweli, na hapa Pwani ina uzito wa pekee.

Vipimo vingi vya haraka, vikiwemo vile vya kujipima mwenyewe vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa, havitafuti virusi vyenyewe. Hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza unapokutana na virusi. Chanjo nayo huufundisha mwili kutengeneza askari hao. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyechanjwa, ambaye hana virusi hata kimoja mwilini, anaweza kupimwa na kipimo kikaonyesha kama ameambukizwa. Hali hiyo inaweza kuisha baada ya miezi, au ikakaa miaka mingi.

Fikiria maana yake kwa kijana wa Malindi au Mariakani anayepanga kwenda kufanya kazi Saudi Arabia au Qatar. Nchi za Ghuba huhitaji mfanyakazi apimwe afya kabla ya kusafiri, na Ukimwi ni miongoni mwa vipimo. Akionekana ameambukizwa, safari imekwisha. Fikiria pia mama mjamzito anayepimwa kliniki kama ilivyo kawaida kwa kila mjamzito. Anaweza kuambiwa habari zisizo za kweli, na hata kuanzishiwa dawa asizozihitaji. Anayetaka kuchangia damu anaweza kukataliwa.

Suluhisho lipo, ila lazima mshiriki alijue mapema. Kuna kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe kwenye damu, na hicho hakichanganywi na chanjo. Kituo cha utafiti kinapaswa kumpa mshiriki kitambulisho au barua inayoeleza kwamba alishiriki majaribio, kumpima bure kwa kipimo sahihi, na kuendelea kumpima hata baada ya utafiti kumalizika ikiwa kingamwili bado zipo. Kwa upande wake, mshiriki hushauriwa asipimwe mahali pengine bila kuwasiliana na kituo kwanza. Mtu aliye karibu kusafiri kikazi anapaswa kulisema jambo hilo siku ya kwanza. Huenda uamuzi bora kwake ukawa kutoshiriki, na hakuna atakayemlaumu.

"Damu yetu inapelekwa wapi?" Uvumi kuhusu damu kuuzwa, au kutumika kwa mambo ya kishetani, umewahi kuenea Kilifi kwa miaka mingi. Chanzo chake kwa sehemu kubwa kilikuwa kukosa maelezo. Mtoto alichukuliwa damu, mzazi hakuelezwa vizuri ni kiasi gani na ya nini, na pengo hilo likajazwa na hadithi. Njia iliyosaidia ilikuwa kufungua milango. Kituo cha utafiti kilianza kufanya kazi na wawakilishi waliochaguliwa na wananchi wenyewe, ambao hupeleka maswali ya jamii kwa watafiti na kurudisha majibu. Kwa kawaida damu inayochukuliwa huwa ni vijiko vichache kwa kila mara, na fomu ya ridhaa lazima itaje kiasi hicho, vipimo vitakavyofanywa, na kama sehemu ya damu itahifadhiwa au kusafirishwa nje ya nchi. Mshiriki anaweza kukataa damu yake ihifadhiwe kwa tafiti za baadaye.

"Watu watajua siri yangu." Mtu akionekana akiingia kliniki fulani, majirani huanza kuuliza. Kwa mwanamume anayefanya mapenzi na wanaume, au mwanamke anayefanya biashara ya ngono, kujulikana kunaweza kumgharimu nyumba, kazi au hata usalama. Mtwapa inakumbuka Februari 2010, wakati umati uliochochewa na uvumi ulipovamia kituo cha afya kilichokuwa kikitoa huduma na kufanya utafiti wa Ukimwi. Baada ya tukio hilo, watafiti walikaa na viongozi wa dini na wa jamii, wakawaeleza kazi inayofanyika, na baadhi ya viongozi hao wakashiriki mafunzo kuhusu huduma kwa makundi haya. Fundisho lake ni kwamba usiri wa mshiriki hautegemei kufuli ya kabati la faili pekee. Unategemea pia jinsi wanaoishi karibu na kliniki wanavyoielewa.

"Mume wangu atasemaje?" Wanawake wengi husema hawawezi kukubali bila kushauriana na waume zao, na baadhi huhofia kugombezwa au kuachwa. Kisheria, mtu mzima hutoa ridhaa yake mwenyewe. Lakini ushauri wa busara ni kwamba mwanamke achukue nyumbani karatasi ya maelezo, asome na anayemwamini, na akiona inafaa, aje na mwenzake kliniki waulize pamoja. Ikiwa kushiriki kutamletea hatari nyumbani, aeleze hivyo; huenda asiandikishwe kwa usalama wake.

"Sitakuwepo." Hili halizungumzwi sana, nalo huwatoa watu wengi katika utafiti. Wavuvi hufuata upepo na samaki. Kaskazi inapoingia, wapo wanaokuja Pwani hii kutoka Pemba, na wapo wa hapa wanaokwenda dago kwa wiki kadhaa. Dereva wa lori anayesimama mizani ya Mariakani leo, kesho yuko Malaba. Mshiriki asiyerudi kwa sindano ya pili au ya tatu hawezi kujua kama chanjo ilimsaidia, na utafiti nao hupoteza jibu. Watafiti wanaotaka wavuvi na madereva wapange siku na saa za kliniki kulingana na kazi zao, la sivyo watabaki kulaumu watu kwa kutorudi.

CHANJO INAYOJARIBIWA SI KINGA

Kati ya mambo yote ambayo mshiriki anapaswa kukumbuka, hili ndilo la kwanza. Anayejitolea anaweza kuwa amepewa maji ya chumvi. Na hata kama amepewa chanjo, hakuna anayejua kama inafanya kazi. Ndiyo maana inajaribiwa. Anayeacha kondomu kwa kuamini kwamba "nimechanjwa" amejiweka mahali pabaya kuliko alipokuwa kabla ya kushiriki.

Matokeo ya nyuma yanathibitisha hivyo. Chanjo ya Thailand ilipunguza maambukizi kwa asilimia 31 hivi, kiwango kisichotosha kuidhinishwa. Uhambo haikuzuia maambukizi. Imbokodo, iliyojaribiwa kwa wanawake vijana wa nchi tano za kusini mwa Afrika, ilikoma mwaka 2021 kwa kukosa ufanisi wa kutosha. Karibu zaidi na kwetu, majaribio ya PrEPVacc yaliyokuwa na washiriki 1,512 nchini Uganda, Tanzania na Afrika Kusini yalisimamisha sindano za chanjo Novemba 2023, baada ya bodi huru ya wataalamu kuona kwamba chanjo hizo hazikuwa na uwezekano wa kuzuia maambukizi.

Mtu anaweza kuuliza: basi kwa nini kuendelea? Kila jaribio lililoshindwa limewaonyesha watafiti njia isiyofaa, na sasa wanafuata njia nyingine ya kufundisha mwili hatua kwa hatua kutengeneza kingamwili zenye nguvu dhidi ya aina nyingi za virusi. Kuna kikwazo kipya pia. Mwanzoni mwa 2025, kusitishwa kwa misaada ya Marekani kulikwamisha mpango mkubwa wa chanjo ulioongozwa na watafiti wa Afrika Kusini na kuhusisha nchi kadhaa za Afrika. Hilo limezua mjadala kuhusu serikali za Afrika kuchangia utafiti wa magonjwa yanayowasumbua watu wao.

Wakati huo huo, kinga zilizothibitishwa zipo. Kenya ilianza kutoa vidonge vya PrEP kwa umma mwaka 2017, na vinapotumiwa kila siku kama inavyoelekezwa hupunguza sana hatari ya kuambukizwa. Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya dawa ya lenacapavir, inayodungwa mara mbili tu kwa mwaka: kati ya wanawake vijana 2,134 waliopewa dawa hiyo Uganda na Afrika Kusini, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. WHO iliipendekeza Julai 2025. Ikumbukwe kwamba hiyo ni dawa na si chanjo. Ukiacha kudungwa, kinga inaisha. Lakini mshiriki wa majaribio yoyote ya chanjo ana haki ya kuelezwa kuhusu kinga zilizopo na kusaidiwa kuzipata. Haruhusiwi mtu yeyote kumnyima ili chanjo "ipimwe vizuri".

NANI ANAMLINDA MSHIRIKI?

Majaribio ya chanjo hayaanzi kwa uamuzi wa daktari mmoja. Kwanza kamati ya maadili ya utafiti hupitia mpango wote, ikiwemo fomu ya ridhaa ambayo mwananchi ataisoma. Bodi ya Famasia na Sumu hutoa idhini ya majaribio ya dawa na chanjo kwa binadamu. NACOSTI hutoa leseni ya utafiti. Idara ya afya ya kaunti nayo hujulishwa kabla kazi haijaanza katika eneo lake. Majaribio yakiendelea, bodi huru ya wataalamu ambao si waajiriwa wa utafiti huo hukagua takwimu mara kwa mara na inaweza kupendekeza yasimamishwe, kama ilivyofanyika kwa Uhambo na PrEPVacc.

Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2006 inakataza kufanyiwa utafiti wa Ukimwi bila ridhaa ya mhusika, baada ya kuelezwa malengo, njia, faida na hatari zake. Inakataza pia kumlazimisha mtu kupimwa na kutoa siri ya hali yake, na iliunda mahakama maalum ya kusikiza malalamiko ya masuala ya Ukimwi. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasimamia namna taarifa zake zinavyotunzwa.

Kuhusu pesa, mshiriki hurejeshewa nauli na kufidiwa muda wake. Si mshahara, na si bei ya damu. Kiasi hakipaswi kuwa kidogo hadi mtu apate hasara, wala kikubwa hadi ashindwe kukataa hata akiwa na hofu. Wapo wanaojaribu kujiandikisha katika tafiti mbili ili wapate nauli mbili. Hilo ni hatari kwa afya yao, kwa sababu hakuna anayejua chanjo au dawa mbili za majaribio zikikutana mwilini zitafanya nini.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUTIA SAHIHI

Mwananchi anayealikwa kushiriki achukue muda wake. Achukue fomu nyumbani, na aombe maelezo kwa Kiswahili, Kigiriama au lugha anayoielewa. Asiyejua kusoma ana haki ya kusomewa mbele ya shahidi anayemwamini. Maswali haya yatamsaidia:

1. Chanjo hii imejaribiwa kwa watu wangapi kabla yangu, na iliwafanya nini?

2. Nitahitajika kufika mara ngapi, kwa muda gani, na nikisafiri itakuwaje?

3. Nikiumia kwa sababu ya sindano, nani atalipia matibabu, na bima ya utafiti inagharamia nini?

4. Nikipimwa Ukimwi baadaye, nitathibitishaje kwamba ni chanjo? Mtanipima bure hadi lini?

5. Mtanipa kinga gani nyingine wakati wa utafiti?

6. Nikiambukizwa katikati ya utafiti, nitapelekwa wapi kwa matibabu?

7. Nikipata mimba, au nikitaka kupata mtoto, utaratibu ni upi?

8. Nani ataona jina langu, na damu yangu itahifadhiwa wapi?

9. Nikiamua kuacha katikati, kuna kitu nitadaiwa?

10. Mwisho wa utafiti, mtarudi kutuambia matokeo? Na chanjo ikifaulu, jamii yetu itaipata?

Jibu la swali la tisa linajulikana tayari. Mshiriki anaweza kuacha wakati wowote bila kutoa sababu, na hadaiwi chochote. Huduma anazopata katika zahanati na hospitali za umma hazibadiliki, awe ameshiriki, amekataa au ameacha. Anayeacha baada ya kudungwa hushauriwa tu aendelee kufika kwa uchunguzi wa afya, kwa faida yake mwenyewe.

Swali la kumi ndilo jamii haipaswi kuchoka kuliuliza. Watafiti wanaochukua muda na damu ya watu wana deni la kurudi na majibu, hata yakiwa ya kukatisha tamaa.

Anayetaka kujua zaidi kuhusu kupimwa, PrEP au utafiti unaoendelea katika eneo lake anaweza kumuuliza mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chake, au kufika kituo cha afya kilicho karibu. Aliyeombwa kushiriki utafiti na ana shaka kama umeidhinishwa aombe kuonyeshwa barua ya idhini ya kamati ya maadili. Mtafiti wa kweli hukubali kuitoa. Na kama mtu atasema ndiyo au hapana, uamuzi uwe wake, na uwe umetokana na maelezo kamili.